Mbwa kaanza kula matumbo mabichi na mambo hayaendi sawa, anzia hapa

Kabla hujasema matumbo yamemkataa mbwa wako niambie kwanza ulimpa matumbo gani. Nauliza kwa sababu mmoja anakuwa kampa mbwa yale meupe pee yaliyopita kwenye maji moto na dawa ya kung'arisha, mwingine kampa yale ya kijani yametoka machinjioni na majani bado yamenasa kwenye mikunjo, afu wote wawili wanasema "nimempa matumbo akaharisha". Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Hapa nazungumzia ukuta wa tumbo la mnyama anayecheua, yaani ng'ombe, mbuzi, kondoo. Sio chango. Tumbo hilo lina vyumba vinne, kuna kile kikubwa chenye vinyweleo kama taulo, kuna chenye vishimo kama sega la nyuki, kuna chenye kurasa kurasa ambacho wengi wanakiita kitabu, na cha mwisho chenye ngozi laini ya kuteleza ambacho ndo chenye asidi. Kitabu kinashika mchanga balaa, ukifunua ukurasa mmoja mmoja unakuta majani yamegandamana humo kama udongo mkavu, kwa hiyo kama huna muda wa kukisafisha kiache, chukua taulo.

Ya kijani yanayofaa yanakuwa yamekung'utwa na kusuuzwa kwa maji baridi tu, rangi inaenda kati ya kijani na kahawia, na harufu ni ya zizi, majani yaliyochacha. Meupe hayana ubaya kwa mbwa, protini ipo, ila ile harufu inayomvuta imeshaondoka. Ukinusa ukasikia klorini au chokaa usimpe, rudisha ulikonunua au tupa.

Kitu kingine cha kukaa nacho kichwani kabla ya kuanza kutafuta kosa: matumbo sio chakula kamili. Gramu 100 za matumbo mabichi ya ng'ombe ni maji karibu gramu 84, protini kama 12, mafuta kama 4, jumla kalori 85 hivi. Kwenye hesabu ya wanaolisha mbwa kibichi, ile ya nyama asilimia 80, mfupa 10, ini 5 na ogani nyingine 5, matumbo yanakaa upande wa nyama. Hayachukui nafasi ya ini wala hayachukui nafasi ya mfupa. Mbwa mzima anakula kwa siku asilimia 2 mpaka 3 ya uzito wake, kwa hiyo mbwa wa kilo 20 ukimpa asilimia 2.5 ni gramu 500, na mimi matumbo siyavushi asilimia 15 ya hapo, ambayo ni gramu 75 tu. Watu wengi wenye matatizo ukiwauliza wanampa nusu kilo.

Na ile habari ya kwamba matumbo yana vimeng'enya na bakteria wazuri wa kumsaidia mbwa kumeng'enya, punguza matumaini. Tumbo la mbwa lina asidi kali sana na kongosho lake linatengeneza vimeng'enya vyake lenyewe, hahitaji kuazima vya ng'ombe. Mimi nayapenda matumbo kwa sababu mbwa wanayapenda, hasa mbwa mzee au anayetoka kuumwa ambaye kila ukimwekea chakula anageuza shingo, huyo mara nyingi harufu ya matumbo ndo inamwamsha.

Anaharisha

Hii ndo kesi namba moja, na watu wanakimbilia kusema ni bakteria. Inaweza kuwa bakteria kweli, lakini kaa chini uangalie choo chenyewe kwanza maana choo kinasema mengi.

Kama ni uji uji, hamna damu, na mbwa mwenyewe anaruka na kukimbia kama kawaida, hapo umeenda haraka tu. Acha matumbo, mrudishie chakula chake cha zamani, maji yawepo muda wote, choo kikikaa sawa kwa siku kama 3 anza upya. Kuanza upya maana yake kijiko cha chai kimoja kwa mbwa wa chini ya kilo 10, kijiko cha chakula kimoja kwa mkubwa, ukae na kiasi hicho siku 3, ndo uongeze. Kufika kiwango chake ichukue wiki mbili, hamna anayekukimbiza. Na wiki hizo usimwanzishie kitu kingine kipya, sio samaki, sio mayai, sio dawa ya viroboto ya kumeza, maana akiharisha utajuaje ni kipi.

Kama choo kinang'aa na kina mafuta mafuta, rangi inaelekea njano au kijivu, tatizo ni yale mafuta yaliyoshikana na matumbo kwa nje. Hizo gramu 4 nilizotaja ni za matumbo yaliyopunguzwa mafuta, yale ya machinjioni yanaweza kuja na tabaka nene jeupe, likate kwa kisu mpaka uone nyama.

Kama kuna kamasi kama jeli inafunika choo, hapo utumbo mpana umechokozwa, kikitokea mara moja kwenye kipindi cha kubadili chakula usishtuke, kikiendelea siku ya tatu mpeleke. Vipande vidogo vya majani kwenye choo sio shida, ni yale yale aliyokula ng'ombe, mbwa hayameng'enyi yanapita tu.

Damu, choo cheusi kama lami, kuharisha huku anatapika, amelala hataki kuinuka, au ni mtoto wa mbwa, hapo usisome zaidi, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo. Wakati unajiandaa bonyeza ufizi wake kwa kidole uone, unageuka mweupe afu rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2 hivi, ikichelewa au ufizi ukiwa mkavu unanata basi maji yameshamwishia mwilini. Na tafadhali usimpe dawa za binadamu za kuzuia kuharisha bila kumuuliza dokta, kuna mbwa zinawadhuru.

Sasa kuna kuharisha kwingine ambako kulinisumbua mwenyewe. Jike langu la kilo 24 alikuwa anakula vizuri tu, shingo za kuku zenye mifupa, nyama, ini kidogo. Nikapata matumbo ya kijani safi nikasema wacha nitoe shingo za kuku niweke matumbo, maana nilishasikia kalsiamu na fosforasi kwenye matumbo vimelingana. Wiki mbili choo kikawa laini, sio maji, laini tu, unakiokota kinabaki nusu kwenye nyasi. Nikaosha matumbo mara tatu tatu, nikagandisha, nikabadilisha muuzaji, wapi. Siku moja nikamrudishia shingo mbili tu za kuku huku matumbo yapo pale pale kwa kiasi kile kile, kesho yake choo kikasimama. Kosa halikuwa matumbo, nilikuwa nimeondoa mfupa, na kwenye chakula kibichi mfupa ndo unaofunga choo. Kwa hiyo kabla hujalaumu kilichoingia angalia na kilichotoka.

Choo kigumu, cheupe, kinavunjika kama chaki

Hii ni kinyume chake. Mfupa umezidi. Matumbo hayawezi kumfanya mbwa afunge choo hivyo, punguza mfupa. Akikaa siku mbili anajikamua hakitoki kitu mpeleke.

Anatapika, au anakabwa

Tofautisha vitu hivi. Akimaliza kula tu, dakika chache, kikarudi chakula kizima kizima hata hakijabadilika rangi, bila tumbo kujikamua, huyo amefakamia. Matumbo ni mpira, yanavutika, meno ya mbwa yanayashika lakini hayayakati kirahisi kama nyama. Hatari kubwa iko kwenye vipande virefu kama mkanda: mbwa anameza nusu, nusu nyingine inaning'inia mdomoni, anaanza kukohoa na kuvuta shingo mbele. Usiyape matumbo kwa mikanda. Ama ukate vipande vidogo kama ncha ya kidole gumba, ama umpe pande kubwa kabisa la kutosha kuliegemea kwa miguu na kulirarua, la kati kati ndo linalokaba. Kwa mbwa mwenye pupa mimi nasaga kabisa. Kisu kiwe kikali na matumbo yawe yameganda nusu, yakiwa laini yanakimbia kisu na utajikata.

Akitapika povu la njano asubuhi kabla hajala, mara nyingi hiyo ni nyongo ya tumbo tupu, mgawie chakula mara mbili kwa siku au mpe kidogo kabla ya kulala uone kama itaisha.

Akitapika tena na tena, mgongo ameupinda, ukimgusa tumbo analalamika, na jana alikula mafuta mengi, hilo linaweza kuwa kongosho limevimba. Sio la kusubiri nyumbani.

Na hili lisome vizuri kama una mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu kwenda chini: anajaribu kutapika hakitoki kitu ila mate, tumbo limevimba gumu kama ngoma, anazunguka hatulii. Hapo tumbo linaweza kuwa limejaa hewa na kujisokota. Beba mbwa sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane, hilo linaua ndani ya masaa.

Hataki hata kuyanusa

Mara nyingi ni moja ya mawili, yametoka kwenye friji yakiwa ya baridi sana hivyo harufu haijatoka, au ni meupe hayana harufu kabisa. Weka kwenye mfuko uzamishe kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, mpe. Bado anakataa, yapitishe kwenye kikaango kikavu sekunde chache kila upande, bila chumvi, bila kitunguu kabisa maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Wengine ni mguso tu wa ile taulo mdomoni hawaupendi, saga uchanganye na nyama anayoizoea. Akikataa wiki nzima mwache, hamna mbwa aliyekufa kwa kukosa matumbo.

Ila mbwa aliyekuwa anayala kwa hamu na leo amekataa, yanuse wewe tena. Ya kijani yananuka siku zote na ndo maana watu wanashindwa kujua yameoza lini. Mazuri yananuka zizi na majani yaliyochacha, ukiyashika yana utelezi mwepesi unaotoka ukisuuza. Yaliyooza yananuka yai viza au utamu utamu wa mzoga, na ute wake unavutika kama uzi kati ya vidole, hautoki hata usuuze. Hayo tupa.

Anajikuna, masikio mekundu, analamba nyayo

Nyama ya ng'ombe iko juu kabisa kwenye orodha ya vyakula vinavyoleta mzio kwa mbwa, na matumbo ya ng'ombe ni ng'ombe huyo huyo. Lakini kama huyu mbwa amekula nyama ya ng'ombe miaka yote bila shida, angalia viroboto kwanza, chana manyoya karibu na mkia uone vile vijidoa vyeusi, vidondoshee maji kwenye karatasi nyeupe, vikitoa rangi nyekundu ni mavi ya viroboto. Ukishamaliza viroboto na bado anajikuna, toa kila kitu cha ng'ombe kwa wiki 8, vitafunwa vya mazoezi navyo vimo, afu rudisha uone. Wiki moja haitoshi kusema chochote.

Mtoto wa mbwa anachechemea au miguu inapinda

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Ile habari ya kalsiamu na fosforasi kulingana kwenye matumbo ni kweli, gramu 100 zina kalsiamu kama miligramu 69 na fosforasi kama 64. Uwiano mzuri. Lakini uwiano sio kiasi! Ili mtoto wa mbwa apate kalori 1000 kwa matumbo peke yake atakula kilo moja na zaidi, na humo atapata kalsiamu isiyofika hata gramu 1, wakati mbwa anayekua anahitaji kama gramu 3 kwa kalori hizo. Mifupa inajengwa na nini sasa? Mwili unaanza kuinyofoa kalsiamu kwenye mifupa yenyewe, mtoto anachechemea, anakataa kuruka, mfupa unaweza kuvunjika kwa kitu kidogo tu. Mbwa wa aina kubwa wakizidishiwa kalsiamu nao wanaharibika viungo, kwa hiyo usikimbilie kumwaga unga wa mifupa kwa kukadiria. Apigwe picha ya eksirei, na chakula chake kipangwe na dokta anayejua lishe.

Amekonda tangu nianze

Matumbo ni maji asilimia 84. Ukitoa gramu 200 za nyama yenye mafuta ukaweka gramu 200 za matumbo mbwa ameshiba ila kalori zimepungua sana. Pima uzito kila wiki, ongeza nyama.

Nimeona minyoo

Tuanze na ile inayowatisha wengi bure. Umelaza taulo ubaoni unaosha, unaona vitu vidogo vyekundu au vya pinki kama punje za komamanga vimeng'ang'ania kwenye vinyweleo. Hao ni minyoo bapa wa tumbo la ng'ombe. Ng'ombe anawapata kwa kula majani yenye vijimbegu vyao, yule mkubwa unayemwona hawezi kuhamia kwa mbwa akiliwa. Suuza, bandua, endelea.

Punje kama mchele au mbegu za tango karibu na mkundu wa mbwa au pale anapolala, mara nyingi huyo ni tegu anayeletwa na viroboto, mbwa anajilamba anameza kiroboto. Sio matumbo. Mpe dawa na uue viroboto, usipoua viroboto atarudi tu.

Wa kuogopa ni yule usiyemwona. Kuna tegu anaitwa Echinococcus granulosus, ana urefu wa milimita chache tu, huwezi kumwona kwenye choo, na mbwa mwenyewe haonyeshi dalili yoyote. Mbwa anampata kwa kula malengelenge ya maji yanayokaa kwenye ini na mapafu ya kondoo, mbuzi, ng'ombe, ngamia. Wiki 6 hivi baadaye mbwa anaanza kutoa mayai kwenye choo, mayai yanashika kwenye manyoya, mtoto anamkumbatia mbwa afu anakula bila kunawa, na malengelenge yanaanza kukua kwenye ini au mapafu ya mtoto kwa miaka bila mtu kujua, mpaka mtu anafikia kupasuliwa. Matumbo sio makazi yake ya kawaida, lakini matumbo yanakuja kwenye ndoo moja na ini na mapafu, kisu kimoja, maji yale yale. Kwa hiyo nunua ya mnyama aliyekaguliwa na mkaguzi wa nyama, kamwe sio ya mnyama aliyejifia mwenyewe, kimeta nacho kipo. Ukiona kifuko cha maji kwenye kiungo chochote usimpe, choma au fukia kirefu mbwa asifukue. Gandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri siku 10, na kile kifriza kidogo cha juu kwenye friji za kawaida mara nyingi hakifiki huko, weka kipimajoto ujue. Na zungumza na dokta kuhusu prazikwanteli, dawa ya kuua tegu, mbwa anayekula ogani mbichi kwenye maeneo yenye ugonjwa huu wanapewa kila wiki 6, sio mara moja kwa mwaka.

Kugandisha hakuui Salmonela wala bakteria wenzake, wanalala tu wakisubiri joto. Kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mjamzito, mzee sana, au mtu anayetumia dawa za kushusha kinga, pika matumbo. Yachemshe mpaka yaive, acha yapoe, mpe mbwa na mchuzi wake. Yaliyopikwa bado ni chakula kizuri, na mbwa hatakudai kwamba ulimwahidi mabichi.

Ananguruma ukisogelea bakuli

Hii inatokea hata kwa mbwa mpole maana matumbo kwake ni kitu cha thamani. Usimnyang'anye kumwonyesha nani mkubwa, utamfundisha kung'ata. Mpe sehemu yake peke yake mbali na watoto na mbwa wengine, na kwa siku kadhaa ukipita karibu mrushie kipande kingine kitamu uendelee na safari yako, aanze kuzoea kwamba wewe ukija kinaongezeka.

Nyumba nzima inanuka

Fungasha kwa mlo mmoja mmoja kabla ya kugandisha, mifuko miwili, toa hewa. Yeyusha kwenye friji usiku kucha ndani ya bakuli lenye kingo, sio juu ya meza, na yaliyoyeyuka yaishe ndani ya siku 2. Bakuli la chuma lisilopata kutu ni bora kuliko plastiki, plastiki ikishakwaruzwa inashika harufu na bakteria. Mlishie nje ukiweza, baada ya nusu saa asichomaliza kiondoe, osha bakuli, ubao na kisu kwa maji moto na sabuni kila mara. Mikono inayobaki na harufu hata baada ya sabuni isugue na chumvi na maji ya limao. Mbwa mwenyewe atanuka mdomo kama saa moja hivi, kwa muda huo asikulambe usoni.